Kocha Mpya, Kwotabeki wa Mfumo wa Zamani: Kisa cha Chuo Kilichobadili Mashambulizi kwa Mkupuo Mmoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Kilitokea katika chuo kikuu kimoja cha umma kaskazini mwa Marekani, kuanzia 2007 hadi 2014. Majina ya chuo, makocha na vijana nimeyaondoa na kuweka ya kupanga. Tarakimu nimebakiza zile tu ambazo bila hizo somo halieleweki. Anayefuatilia futiboli ya vyuo, yaani ile ya Kimarekani, atatambua upesi ni wapi, na hilo halinisumbui, kwa kuwa mambo yenyewe yalichezwa Jumamosi mchana mbele ya watu laki moja.

Nawaandikia hasa wazazi wetu walioko Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko, ambao vijana wao wameanza kupigiwa simu na makocha wa vyuo. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, na huko mchezaji mzuri ni mzuri, ataonekana popote. Kwa kwotabeki sivyo. Kijana yule yule anaweza kuwa almasi kwa kocha mmoja na mzigo kwa kocha mwingine, na kinachobadilika ni mahali anaposimama wakati mpira unatoka.

Usuli: mifumo miwili na vijana wa aina mbili

Kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila shambulizi. Mpira unatoka kwa senta, mtu wa katikati ya mstari wa mbele, unamfikia yeye, naye ana sekunde mbili tatu za kuamua: autupe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe.

Katika mfumo wa ligi ya kulipwa, ule uliotawala NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, kwa miongo mingi, kwotabeki anasimama amemgandia senta mgongoni. Anapokea mpira mkononi kwa mkono, kisha anarudi nyuma hatua tatu, tano au saba huku akisoma walinzi. Mbele yake kuna ukuta wa watu watano wazito, na mara nyingi mtu wa sita aliyejibanza pembeni kusaidia kuzuia. Timu inasukuma katikati, inasukuma tena, na walinzi wakishajikusanya kuziba, kwotabeki anajifanya anampa mkimbiaji mpira halafu anautupa mbali nyuma yao. Kazi hiyo inamtaka kijana mrefu anayeona juu ya ukuta, mwenye mkono wa nguvu na kichwa cha kubeba kitabu kinene cha mbinu. Mbio si lazima.

Katika mfumo wa kutandaza, kwotabeki anasimama kama yadi tano nyuma ya senta, na wapokeaji watatu, wanne, hata watano wanatawanywa kutoka mstari hadi mstari. Walinzi hawana budi kuwafuata, na katikati panabaki peupe. Humu ndani kuna koo mbili. Ukoo mmoja kazi yake ni kutupa tu: makocha Hal Mumme na Mike Leach waliulea katika chuo cha Iowa Wesleyan kuanzia 1989, Leach akaja kuupeleka Texas Tech, na ni chuo hicho hicho ambacho Patrick Mahomes, kwotabeki nyota wa NFL, alitoka mwaka 2017. Ukoo wa pili hukimbia, na ndio unaohusika na kisa chetu.

Mbinu kuu ya ukoo huu inafaa kutazamwa kwa karibu. Mpira unapotoka, ukuta unamwacha makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila kumgusa. Kwotabeki anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji, haujaachiwa bado, macho yake yakiwa kwa yule mlinzi. Mlinzi akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kutoka nao upande ulioachwa wazi. Mlinzi akibaki mahali pake, mkimbiaji anaondoka nao. Mtu mmoja hakuzuiwa na yeyote, na bado ametolewa mchezoni. Ila hesabu inakubali kwa sharti moja: mlinzi awe anaogopa mbio za kwotabeki. Asipoziogopa, atamwangukia mkimbiaji kila mara, na ukuta utakuwa umemwachia adui mlango kwa hiari yake.

Kwa nini vyuo vilipenda kutandaza kabla NFL haijapenda? Sababu mbili zimo katika vipimo na kanuni, na watu huzisahau. Kwanza, alama za ndani ya uwanja ambako mpira huwekwa zimeachana futi 40 katika uwanja wa chuo, na futi 18 na nusu tu katika NFL. Mpira ukiwa kwenye alama ya chuo, upande mmoja una yadi 20 hivi na upande wa pili una 33. Huo upande mpana ni shamba. Ukimpeleka huko mtu mwepesi, mlinzi anabaki na eneo kubwa kuliko miguu yake. Pili, kanuni za vyuo huwaruhusu watu wa ukuta kusogea mbele hadi yadi tatu kabla ya pasi kutupwa, ilhali NFL huruhusu yadi moja, kwa hiyo chuoni ni rahisi zaidi kumdanganya mlinzi kwamba mpira unakimbizwa kumbe utatupwa.

Kutokana na hayo, mitandao ya kupima vipaji vya shule za sekondari kwa miaka mingi iliwagawa makwotabeki katika safu mbili: wa mfumo wa kulipwa, na wa silaha mbili, yaani mkono na miguu. Kijana wa miaka 16 akishaandikwa safu moja, makocha wa safu ya pili wanaacha kupiga simu.

Mfuatano wa matukio

*2007.* Chuo chetu kilikuwa kimecheza mfumo wa kulipwa tangu zamani. Kocha Mzee alikuwa na kwotabeki wa mwaka wa nne, na nyuma yake kijana wa mwaka wa kwanza ambaye nitamwita Mrefu: karibu mita mbili, mkono kama kombeo, mmoja wa vijana waliotafutwa zaidi nchini katika darasa lake. Aliyemtangulia alipoumia, Mrefu alianza mechi kadhaa. Kila mtu alijua mrithi ni nani.

Lakini msimu huo ulianza kwa aibu. Wiki mbili mfululizo, nyumbani, Chuo kilifungwa na timu za kutandaza, na ile ya kwanza ilikuwa ya daraja la chini. Walinzi wazito walionekana wakiwakimbiza vijana wepesi uwanja mzima bila kuwashika. Mwisho wa msimu Kocha Mzee akastaafu.

*Desemba 2007.* Chuo kikamwajiri Kocha Mgeni, mmoja wa watu waliohesabiwa kuwa mabingwa wa ukoo wa kukimbia. Huko alikotoka alikuwa ameshinda sana kwa kwotabeki mwepesi mwenye urefu wa kawaida. Kocha wake wa ulinzi, aliyefanya naye kazi miaka mingi, hakuja naye. Wakati ule hilo lilipita kama habari ndogo.

*Januari hadi Machi 2008.* Ndani ya wiki chache Mrefu alihama. Wapokeaji wawili bora waliingia mapema kwenye drafti, ambako timu za NFL huchagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, ukuta ukapoteza nguzo yake kuu kwa sababu muda wake chuoni ulikuwa umekwisha, na mtu mwingine wa ukuta akahamia kwa mahasimu wa jadi. Kocha Mgeni akaelekeza nguvu zaidi kwa kijana mmoja wa sekondari, nitamwita Mtafutwa, kwotabeki wa silaha mbili ambaye nusu ya nchi ilikuwa ikimwania. Siku ya kutia saini ya Februari, vijana walipojifunga na vyuo, ikapita, Mtafutwa akasema bado anafikiri. Katikati ya Machi akachagua: wale wale mahasimu wa jadi.

*Msimu wa 2008.* Kocha Mgeni aliwategemea makwotabeki wawili. Mmoja, Mbadala, alikuwa kijana mrefu wa kutupa, aliyekwisha kuhama chuo kimoja kabla ya kufika pale. Wa pili aliingia timuni bila ufadhili wowote. Hakuna kati yao aliyewahi kuanza mechi ya chuo. Mfumo wa kutandaza ukapandwa hivyo hivyo, mzima mzima.

Kulikuwa na siku moja nzuri. Wakiwa nyuma kwa pointi 19 hadi mapumziko, walirudi, na katika robo ya mwisho ikaitwa ile mbinu ya kuchomoa mpira. Mlinzi wa pembeni alimvamia mkimbiaji bila kugeuza shingo. Mbadala akauchomoa mpira na kuondoka nao, mwendo wa mtu anayekimbilia daladala, karibu yadi 60 kabla ya kushikwa. Timu ikafunga, ikashinda. Mfumo ulifanya kazi siku ile kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba Mbadala angekimbia. Wiki zilizofuata wapinzani walikuwa wameshaona kanda.

Walimaliza na ushindi 3 na vipigo 9. Kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya 30 hawakualikwa kwenye mechi za baada ya msimu. Wastani wa pointi 20 kwa mechi. Miezi michache baadaye Mbadala naye akahama.

*2009.* Safari hii Kocha Mgeni alisajili wawili wa silaha mbili. Chipukizi alikuwa amefundishwa na walimu binafsi tangu utotoni, akahamia chuoni Januari ili awahi mazoezi ya masika. Mwepesi alitoka kusini, alikuwa pia mkimbiaji wa riadha, na vyuo vingi vilivyomtaka vilitaka acheze nafasi nyingine. Kocha Mgeni alimwahidi nafasi ya kwotabeki. Katika mechi ya kwanza Chipukizi alianza. Mwepesi alipoingizwa, shambulizi lake la kwanza kabisa katika futiboli ya chuo lilianza vibaya: mpira wa senta ulimponyoka ukaanguka. Aliuokota, akatazama kushoto na kulia, kisha akapita katikati ya watu wote yadi zaidi ya 40 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Waliokuwepo walisimama hata kabla hajafika.

Walishinda mechi nne za mwanzo, kisha moja tu katika nane zilizobaki. 5–7.

*2010.* Mwepesi akakabidhiwa timu. Alikimbia yadi 1,702 na kutupa zaidi ya 2,500 katika msimu mmoja, jambo ambalo halijawahi kufanywa na kwotabeki yeyote wa ngazi ile kabla yake. Timu ilifunga wastani wa pointi 32 na zaidi, na kuruhusu 35. Kulikuwa na mechi waliyofungwa pointi 65 na bado wakashinda. 7–6, kipigo kizito katika mechi ya baada ya msimu, na wiki ya kwanza ya Januari 2011 Kocha Mgeni akafukuzwa.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa Chuo wa kuleta mtu wa kutandaza haukuwa wazimu. Mchezo ulikuwa unaelekea huko. Chuo kikuu cha Utah kiliuza mfumo huu kwa nchi nzima mwaka 2004, na kwotabeki wao Alex Smith akachukuliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2005. Tim Tebow, kwotabeki wa chuo kikuu cha Florida, alipata tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka ule ule wa 2007, akiwa wa mwaka wa pili tu. Kwa viongozi waliokuwa wametoka kufungwa nyumbani wiki mbili mfululizo, ilikuwa rahisi kuona kwamba Chuo kimeachwa nyuma. Walichokosa kuuliza ni kama ghala lina vifaa. Ni kama klabu iliyosajili mshambuliaji mrefu wa vichwa na mawinga wa krosi, kisha ikaajiri kocha asiyetaka krosi.

Uamuzi wa Mrefu kuhama ulikuwa, kwa maoni yangu, ndio safi kuliko yote katika kisa hiki. Wakati ule aliyehama kutoka chuo kikubwa kwenda kingine alilazimika kukaa nje msimu mzima. Kwa mtu aliyekuwa mrithi dhahiri, mwaka mzima ni gharama kubwa. Lakini alijipima vizuri: katika mfumo unaomtaka kwotabeki amtishe mlinzi kwa mbio, yeye hakuwa tishio, na kukaa kungemfanya apigwe kila wiki kwa kosa la mwili wake. Akachagua chuo cha kusini ambacho kocha wake alikuwa ametoka moja kwa moja NFL. Aliufuata mfumo, ukubwa wa jina la chuo aliuweka pembeni.

Kuhusu kumkimbilia Mtafutwa kuliko wengine wote, Kocha Mgeni alikuwa na hoja. Aliajiriwa Desemba katikati, siku ya kutia saini ilikuwa wiki ya kwanza ya Februari. Makwotabeki wazuri wa darasa lile walikuwa wameshatoa ahadi zao tangu kiangazi. Aliyebaki sokoni, na kumfaa, alikuwa mmoja. Kosa halikuwa kumtaka. Kosa lilikuwa kukosa jina la pili la kwotabeki wa silaha mbili aliye tayari kukabidhiwa timu.

Uamuzi wa nne ndio unaobishaniwa zaidi: kuupanda mfumo mzima mwaka wa kwanza na watu wasioufaa. Kocha angeweza kucheza mseto kwa msimu mmoja, akimtumia Mbadala kama alivyo. Alikataa. Hoja ya makocha wa aina hii ni kwamba mwaka wa mseto ni mwaka uliopotea, kwa kuwa watu wa ukuta wanajifunza lugha watakayoisahau, na vijana wa sekondari wanaotazama hawaoni timu wanayoambiwa waje waichezee. Hoja hiyo ina uzito. Kikomo cha wakati ule kilikuwa ufadhili 85 kwa timu na wapya 25 kwa mwaka, kwa hiyo kikosi hakigeuki kabla ya miaka mitatu. Ukichelewa kuanza, unachelewa kumaliza. Lakini iliwagharimu vijana waliokuwepo, na iligharimu subira ya watu wenye pesa na kura. Kocha Mgeni alichoma akiba yote ya subira hiyo katika miezi minne.

Matokeo

Mrefu alikaa nje 2008, kisha 2009 akatupa zaidi ya yadi 3,600 na tachidauni 30. Mwaka uliofuata zaidi ya 3,800 na tachidauni 32. Mwanzoni mwa Januari 2011 alicheza mechi kubwa ya New Orleans, na upande wa pili alisimama Mtafutwa. Yule aliyekihama Chuo na yule aliyekikataa walikuwa kwenye jukwaa moja, siku hizo hizo ambazo Kocha Mgeni alikuwa akifungasha ofisi yake. Mrefu alishindwa kwa pointi tano, akachukuliwa raundi ya tatu ya drafti.

Mwepesi alibaki. Kocha wa Tatu alikuja 2011 akitangaza kurudisha mfumo wa kulipwa, na kila mtu akadhani kijana atahama kama Mrefu alivyohama. Hakuhama, na kocha wa mashambulizi, mtu aliyelelewa katika mfumo wa kulipwa, akafanya kile ambacho mtangulizi wake alikataa: akachezesha mseto. Mwepesi alibaki nyuma ya senta yadi zake tano katika mashambulizi mengi, huku mbinu za kukaa mgongoni zikiingizwa kidogo kidogo. Ulinzi ukapata mwalimu mwenye uzoefu wa NFL. Ushindi 11, vipigo 2.

Usomaji rahisi ni kwamba mseto ulishinda. Subiri. Wachezaji wengi waliobeba msimu huo walisajiliwa na Kocha Mgeni, na Mwepesi alikuwa na misimu miwili mwilini mwake. Mwaka 2012 alijeruhiwa mshipa wa fahamu wa kiwiko, akamaliza msimu akicheza kama mkimbiaji. Alipoondoka, Kocha wa Tatu akapata nafasi ya kuuchezesha mfumo wa kulipwa alioutaka, lakini kwa ukuta mchanga. Msimu wake wa nne, 2014, ulikwisha 5–7, na yeye akafukuzwa. Chuo kiligeuza mfumo mara mbili katika miaka saba, na mara zote mbili kililipa kwa sarafu ile ile.

Uchambuzi: kilichofaa

Kusajili makwotabeki wawili wa aina moja katika darasa moja kulionekana ubadhirifu. Katika ile mechi ya pointi 65, Mwepesi alitoka akiwa na maumivu ya kichwa, na Chipukizi ndiye aliyeingia na kumaliza kazi. Kwotabeki wa ukoo wa kukimbia anapigwa sana. Msimu wa 2010 Mwepesi alibeba mpira mara zaidi ya 250, na mechi nyingi hakuzimaliza. Ukiuchagua mfumo huu, kwotabeki wa pili ni sehemu ya mfumo, awe tayari kama wa kwanza.

Kilichofaa pia ni kupuuza lebo. Vyuo vingi vilimwona Mwepesi kama mtu wa mbio aliyekosea nafasi. Kocha Mgeni alitazama kitu kingine: anaamua haraka kiasi gani mlinzi akigeuza bega. Hilo halipimwi na safu mbili za mitandao. Wala haliishii kwa wanaokimbia. Mahomes alichukuliwa wa 10 mwaka 2017 huku wengi wakisema ametoka katika mfumo wa kitoto. Miaka miwili iliyofuata, Baker Mayfield na Kyler Murray, wote kutoka mashambulizi ya kutandaza ya Oklahoma, walichukuliwa wa kwanza kabisa. NFL yenyewe ilisogea, na leo makwotabeki wake wengi husimama nyuma ya senta zaidi ya kumgandia.

Uchambuzi: kilichoharibika

Mjadala wa mtaani ulikuwa kutandaza dhidi ya mfumo wa kulipwa, na ukaendelea kuwa huo hadi leo. Ukiangalia tarakimu, mashambulizi yalipanda kila mwaka: pointi 20, kisha karibu 30, kisha zaidi ya 32. Kilichomfukuzisha Kocha Mgeni ni ulinzi, ulioweka rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya Chuo mwaka 2010. Yule kocha wa ulinzi ambaye hakuja mwaka 2007 aliacha pengo lililojazwa mara mbili na watu tofauti, na wa mwisho akalazimishwa kutumia mpangilio ambao haukuwa wake. Yaani Kocha Mgeni alimfanyia mwalimu wa ulinzi kile kile ambacho Chuo kilikuwa kimemfanyia Mrefu: kumkabidhi mtu kazi ya mtu mwingine. Sijaona uchambuzi mwingi ukiligusa hili, labda kwa sababu ulinzi hauuzi magazeti.

Jambo la pili ni saa. Kwotabeki anasajiliwa akiwa na miaka 16 au 17 na huanza kucheza kwa uhakika akiwa na 19 au 20. Katikati hapo kocha anaweza kuondoka, kustaafu au kufukuzwa. Barua aliyoitia saini wakati ule ilimfunga kwa chuo, kocha haikumfunga. Mrefu alisaini kwa Kocha Mzee na akacheza chini yake msimu mmoja. Mbadala, hadi anaanza mechi yake ya kwanza, alikuwa amepitia vyuo viwili. Mwepesi alisaini kwa Kocha Mgeni na kumaliza chini ya mtu aliyetaka kuuvunja mfumo wake. Mzazi anayeambiwa sebuleni kwake kwamba “mfumo wetu umeshonwa kwa ajili ya kijana wako” anaambiwa kweli, kwa siku ile.

Tatu, ukuta. Kila mtu alimtazama kwotabeki. Watu wa ukuta wa mfumo wa kulipwa husajiliwa kwa uzito, wamsukume mtu aliye mbele yao. Wale wa kutandaza husajiliwa kwa wepesi, wasogee kwa pamoja kando na kumkuta mlinzi njiani. Mtu wa ukuta huchukua miaka miwili au mitatu kujengwa. Kila Chuo kilipogeuza mfumo, kwotabeki mpya alifika kabla ya ukuta wake.

Kama ingetokea leo

Kanuni zimebadilika kiasi kwamba kisa hiki kisingeenda hivi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama na kucheza papo hapo, na tangu 2024 anaweza kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Mrefu asingekaa nje 2008. Kocha Mgeni naye, akikataliwa na Mtafutwa, asingebaki na kijana asiye na ufadhili; angeingia kwenye orodha ya wanaohama na kutoka na kwotabeki wa silaha mbili mwenye misimu miwili ya uzoefu, akilipwa kwa haki za jina na picha yake. Msimu wa vipigo 9 pengine ungekuwa wa vipigo 6, na kocha angepata mwaka mmoja zaidi.

Gharama ingewaangukia wengine. Chipukizi na Mwepesi walikabidhiwa timu wakiwa na miaka 19 hivi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Leo wangekuta mbele yao mtu wa miaka 22 aliyechukuliwa Januari, na Mwepesi, mwenye lebo ya mkimbiaji aliyekosea nafasi, angeombwa akae mwaka mmoja kama mpokeaji kwanza.